Ndevu Zilizosukumwa Zikabaki Ukanda: Kisa cha Mteja Mmoja wa Nairobi

Kisa hiki nawaandikia vinyozi wenzangu, pamoja na kila mwanamume anayefuga ndevu huku ngozi ya shingo yake ikiteseka. Mwenye kisa ameniruhusu nikisimulie mradi nisitaje jina lake, benki anayofanyia kazi, wala vinyozi alikopitia kabla ya kufika kwangu. Nimekubali bila shida, kwa kuwa la maana ni yale mambo matatu yaliyokuwa usoni mwake kwa wakati mmoja. Ukiyatazama haraka yalifanana, kila moja lilikuwa na chanzo chake, na yote matatu yalikuwa yakitibiwa kwa wembe.

Alivyofika

Alikuja Jumamosi moja mwishoni mwa Januari, joto la Nairobi likiwa limepanda na vumbi la Ngong Road likiingia mpaka kwenye droo za mashine. Ana miaka 29. Anahudumu kwenye kaunta, kwa hiyo shati la kola ngumu na tai ni vazi lake la kila siku, na kanuni ya kazini inasema ndevu zinaruhusiwa zikiwa fupi na nadhifu. Aliketi akaniambia, "Boss, nichoree laini safi tu. Jumatatu kuna mkubwa anatoka makao makuu."

Sikuwasha mashine. Nilimwomba asogee dirishani, kwa sababu zile taa nyeupe tunazopanga ukutani zinafuta nusu ya mambo ambayo kinyozi anapaswa kuyaona kwenye ngozi. Kwenye mwanga wa jua ndevu zake zilikuwa ukanda mwembamba unaofuata taya, haufiki upana wa kidole, kutoka sikio moja hadi jingine kupitia kidevuni. Ukanda wenyewe ulikuwa umepakwa rangi nyeusi hadi kwenye ngozi, ndiyo maana kwa mbali ulionekana umejaa. Juu yake, shavuni, kulikuwa na kivuli cha vishina vya ndevu vilivyokatwa chini kabisa. Chini yake, kuanzia taya hadi kwenye kikoromeo, shingo ilijaa vipele. Vingine vilikuwa vigumu na vyeusi tititi, vingine vina usaha kwenye ncha, na katika vichache niliuona udevu wenyewe umejikunja chini ya ngozi, mzima, ukitafuta pa kutokea.

Halafu kulikuwa na kitu kingine upande wa kushoto wa taya, chini kidogo ya kona ya mdomo. Uvimbe uliotepeta, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, wenye magamba pembeni na unyevunyevu katikati. Ndevu za mahali hapo zilikuwa chache na zimekatikakatika. Niliushika mmoja kwa kibanio nikauvuta taratibu. Ukatoka bila upinzani wowote, na mwenyewe hata hakushtuka.

"Huu uvimbe ulianza lini, ndugu yangu?"

"Nilitoka ushago baada ya Krismasi nikiwa na kipele kimoja tu. Nikajua ni vilevile vya kawaida. Nikapaka krimu ya kemisti, kikatulia wiki moja, halafu kikarudi kikubwa."

"Ushago ni wapi?"

"Nyandarua."

"Mnafuga?"

Akanitazama kwa mshangao. "Ng'ombe wa maziwa. Mimi na mama ndio tulikuwa tunanywesha ndama. Kwani ndevu na ndama wapi na wapi?"

Nitarudi kwa ndama. Kwanza nianze na lile alilokuja kuomba.

Laini inayopanda kila wiki

Kusukumwa kwa laini ndiyo shida ninayokutana nayo zaidi kwenye ndevu za jiji hili, na inatokea bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya. Mteja anakuja kila wiki. Kinyozi anachora mpaka wa ndevu kwa mashine ndogo, kisha anaumalizia kwa wembe. Mkono ukipita milimita moja upande wa kulia, lazima wa kushoto ulinganishwe. Wiki inayofuata mpaka wa zamani haueleweki vizuri kwa sababu vishina vimeanza kuota, kwa hiyo kinyozi anachora mwingine ndani kidogo ya ule wa kwanza, pale penye ndevu nzito, ili laini itoke kali. Mteja anajitazama kwenye kioo, anafurahi, analipa. Milimita moja kwa wiki ni zaidi ya sentimita 5 kwa mwaka, na shavu halina sentimita 5 za kupoteza.

Huyu alikuwa amebadilisha vinyozi kila alipohama mtaa, na kila aliyemshika alirithi laini ya mwenzake akaisogeza. Ndevu zilipobaki ukanda, mapengo madogo yaliyokuwa yamefichwa na wingi yakaanza kuonekana. Hapo ndipo rangi ilipoingia, kuziba mapengo. Rangi ikitoka baada ya siku chache, mapengo yanarudi, naye anarudi kwa kinyozi kabla ya wakati wake, anachorwa tena. Mduara huo ndio uliomleta alipofika.

Alikuwa akiamini mambo mawili yanayopingana. La kwanza, kwamba ndevu za shavuni zimekufa kwa sababu zimenyolewa muda mrefu. La pili, kwamba akiendelea kunyoa pale penye mapengo ndevu zitaota nzito, kwa kuwa wembe unaita ndevu. Yote mawili si kweli. Wembe unakata kilicho juu ya ngozi, lakini udevu unatengenezwa chini, kwenye mzizi, ambako wembe haufiki. Mwaka 1928 mwanasayansi wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha utafiti uliowapima wanaume waliokuwa wakinyoa ndevu, na hakuona kwamba kunyoa kunazidisha unene wala kasi ya kuota. Udevu uliokatwa huhisi mgumu kwa sababu ncha yake imekuwa bapa badala ya kuchongoka. Ni hivyo tu. Kwa hiyo shavu la mteja wangu lilikuwa hai, na lilichohitaji ni kuachwa.

Kuachwa kwenyewe kuna hesabu yake. Ndevu huota karibu theluthi moja ya milimita kwa siku, yaani takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa nywele zetu zinazojikunja, sentimita hiyo inaonekana nusu yake au chini ya hapo. Mtu asiyeambiwa hili mapema hukata tamaa wiki ya tatu akidhani hakuna kinachotokea.

Laini ya shavu ya mtu huyu, kwa jinsi ndevu zake zilivyojipanga, inashuka kutoka kwenye sharafa kwa mkunjo wa taratibu hadi kona ya mdomo. Kazi ya kinyozi hapo ni kuondoa udevu mmojammoja uliojitenga juu ya mkunjo huo, basi. Mpaka wa chini ndio wengi wanaoukosea zaidi. Ukiukata juu ya mfupa wa taya, mwenye ndevu akizungumza au akiinamisha kichwa, ngozi tupu ya chini inajitokeza na uso unaonekana umevimba. Mahali pake ni kwenye mkunjo pale shingo inapokutana na kidevu, karibu vidole viwili juu ya kikoromeo, kisha unapanda taratibu kuelekea nyuma ya masikio. Wengi wanajaribu kujichora hapo wenyewe wakiwa wameinua kichwa mbele ya kioo cha bafuni, ngozi imevutika, wakishusha kichwa laini iko kwingine kabisa. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi hawakukosea. Shingo yangu mimi pia humpa mwenzangu.

Vipele vya shingoni

Chanzo cha vipele ni umbo la udevu wetu. Kitundu unamokaa kimepinda, na udevu unatoka umepinda vilevile. Ukiukata kwa mshazari karibu na ngozi, unabaki na ncha kali inayojikunja na kurudi ndani milimita moja, mbili tu kutoka pale ulipotokea. Mwili unauona kama mwiba, unapeleka jeshi lake, kipele kinavimba. Kuna na njia ya pili, mbaya zaidi. Wembe wa nyembe nyingi huvuta udevu kwanza kisha unaukata, na udevu uliokatwa ukiwa umevutwa unarudi chini ya ngozi, unatoboa ukuta wa kitundu chake bila hata kutoka nje. Kunyoa kinyume cha uelekeo wa ndevu huku umeivuta ngozi kunaleta matokeo hayohayo.

Makadirio yanayotajwa sana kwenye maandiko ya tiba ya ngozi yanasema kati ya asilimia 45 na 83 ya wanaume wenye asili ya Afrika wanaonyoa hupata vipele hivi. Urithi nao unachangia. Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani walieleza badiliko dogo kwenye jeni ya keratini (protini ya nywele) moja ya kitundu cha unywele linaloongeza hatari hii. Nayataja haya kwa sababu mteja wangu alikuwa akijilaumu. Alidhani ni uchafu. Alikuwa anasugua shingo kwa spiriti asubuhi na jioni, na ngozi iliyosuguliwa hivyo inakauka, inapasuka, inawasha, mtu anakuna, vipele vinafunguka upya. Kola ya shati nayo ilimkaba. Nilipitisha kidole kati ya kola na shingo yake, hakikupita. Mkanda wa helmeti ya bodaboda ulikuwa unamsugua palepale asubuhi na jioni.

Dawa ya kwanza ya vipele hivi ni kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi. Lakini mtu lazima aambiwe ukweli kwamba wiki ya kwanza na ya pili mambo huzidi kuwa mabaya, kwa sababu ndevu zilizokwisha kukatwa fupi zinaendelea kujichoma ndani. Zikiendelea kurefuka, zile zilizonaswa hujivuta zenyewe na kuchomoka, na wengi huanza kupata nafuu ifikapo wiki ya nne hivi. Wanaoacha kunyoa siku kumi, wakaona vipele vimeongezeka, wakarudi kwa wembe, hao huondoka wakiapa kwamba kuacha hakusaidii.

Na ndama je?

Sasa ule uvimbe. Vipele vya kunyoa haviwi na magamba pembeni wala havitanuki kama duara. Udevu wa kipele cha kunyoa umeshikilia, ukiuvuta unauma. Huu ulitoka wenyewe. Ingekuwa ni ule ugonjwa wa ndevu kupukutika kwa viraka, ngozi ingekuwa laini na tupu, bila magamba, bila unyevu. Nikiunganisha na ndama wa Nyandarua, nilishuku choa, yale mabarango tunayoyajua tangu shule ya msingi, lakini yameingia kwenye ndevu.

Kuna aina ya fangasi wa choa inayoishi kwa ng'ombe, hasa ndama, na hujionyesha kwa mabaka ya kijivu yenye ukoko, mara nyingi kuzunguka macho, masikio na shingo. Anayemshika ndama kichwa wakati wa kumnywesha, kisha akajikuna kidevu, amejipanda mbegu. Uso wa binadamu unakasirika sana ukipata fangasi wa mnyama, ndiyo sababu uvimbe unatepeta na kutoa maji. Nilimuuliza kama ndama wale walikuwa na mabaka. Akatoa simu, akanionyesha picha aliyopiga siku ya Krismasi, yeye amemkumbatia ndama shingoni. Kuzunguka jicho la ndama kulikuwa na duara la ukoko mweupe, wazi kabisa.

Krimu ya kemisti aliyokuwa akipaka ni ile ya mchanganyiko, yenye steroidi kali, dawa ya bakteria na dawa ya fangasi kwenye tyubu moja. Krimu hizi zinauzwa kama maandazi, na naomba vinyozi wenzangu tuache kuwashauri wateja wazinunue. Steroidi inazima wekundu na mwasho, mtu anadhani amepona, kumbe imeuzima ulinzi wa ngozi na fangasi anaendelea kutanuka chini yake. Ikipakwa muda mrefu inakondesha ngozi na kuleta vipele vyake yenyewe. Hata hiyo sehemu ya dawa ya fangasi haikuweza kumsaidia, kwa sababu fangasi wa ndevu yuko ndani ya udevu na ndani ya kitundu chake, kina ambacho krimu haikifikii. Choa cha ndevu kinahitaji vidonge.

Mimi ni kinyozi, sina ruhusa ya kutaja ugonjwa wala kuandika dawa. Nilichomwambia ni kwamba sitapitisha mashine wala wembe usoni mwake siku ile, kwamba mahali pale panahitaji daktari wa ngozi kabla ya Jumatatu ikiwezekana, na kwamba asipake tena ile krimu. Alisikitika, tena alikasirika kidogo. "Sasa nitamkabili vipi mkubwa nikiwa hivi?" Nilimnyoa kichwa tu, kwa mashine niliyoitenga, na shingo ya nyuma nikaiacha bila wembe.

Daktari alikwangua magamba, akachukua na vishina vichache vya ndevu, vikawekwa kwenye kemikali iitwayo potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini. Fangasi walionekana. Sampuli nyingine ilipandwa maabara, na kwa kuwa fangasi wa ng'ombe huota polepole sana, majibu hayo yalichukua wiki kadhaa kuthibitisha kilekile. Alianzishiwa vidonge vya terbinafine, dawa ya fangasi. Daktari pia alimwambia apige simu nyumbani. Dada yake alikuwa na duara kwenye kifundo cha mkono, na ndama watatu walikuwa na mabaka. Daktari wa mifugo aliitwa. Bila hilo angejitibu Nairobi na kuambukizwa tena sikukuu inayofuata.

Mpangilio wa kazi

Baada ya hapo tulikuwa na matatizo matatu na uso mmoja, na utaratibu ulikuwa muhimu kuliko dawa yoyote. Choa kilitangulia, kwa kuwa kinaambukiza na kinaweza kuacha kovu lisiloota ndevu tena. Vipele vikafuata, navyo vilihitaji kitu kilekile ambacho laini ilihitaji, yaani ndevu ziachwe ziote. Laini ikabaki ya mwisho, japo ndiyo aliyoijia.

Kikwazo kilikuwa kazini. Mtu wa kaunta hawezi kukaa mwezi mzima na ndevu zinazoota kiholela. Daktari alimwandikia barua fupi kwamba kunyoa hadi kwenye ngozi kunamdhuru, mteja wangu akampelekea msimamizi wake, na kwa sifa yake msimamizi alikubali bila mjadala. Napenda waajiri wengine wasikie hili. Hata majeshi yameanza kuelewa. Jeshi la nchi kavu la Uingereza liliruhusu askari wake wafuge ndevu zilizotunzwa mwaka 2024, na jeshi la anga la Marekani liliongeza muda wa vibali vya kutonyoa hadi miaka 5 mwaka 2020, sababu ikiwa ni vipele hivihivi, ingawa mwaka 2025 masharti hayo yalikazwa tena. Kampuni ya ulinzi inayomlazimisha bawabu wake anyoe kila asubuhi huku shingo inatoka damu inaweza kujiuliza inapata faida gani.

Kabla ya uvimbe kukauka hatukugusa eneo lile. Sehemu nyingine zote nilizipitia kwa mashine bila kuigusisha meno kwenye ngozi, nikiacha milimita 3, ambayo ndiyo namba moja ya kitana cha mashine. Urefu huo unaonekana nadhifu kwenye kaunta, na hauachi ncha ya udevu karibu na ngozi kiasi cha kurudi ndani. Ndevu zilizojikunja na kuonekana juu ya ngozi nilizinyanyua kwa ncha ya sindano safi baada ya kuweka taulo ya uvuguvugu kwa dakika chache. Nilizinyanyua tu, sikuzing'oa. Udevu uking'olewa unaota upya kutoka chini, na safari hii unaweza kushindwa hata kuipata njia ya kutokea. Daktari alimpa pia jeli ya benzoili peroksaidi kwa vile vyenye usaha. Ni dawa nzuri, ila inaondoa rangi kwenye nguo, na ni vizuri mtu wa mashati ya buluu akajua hilo siku ya kwanza.

Rangi nyeusi tuliiacha kabisa. Hakuwa amepata mzio, lakini ngozi iliyovimba na kupasuka si mahali pa kupaka rangi ya nywele. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD, ileile iliyomo kwenye piko wanayochorwa watoto Pwani wakati wa sherehe, na mwili ukishaikataa mara moja utaikataa maisha yote, kwa uvimbe na malengelenge. Anayetaka kupaka lazima ajaribu kwanza tone dogo nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili. Wazee wa Eastleigh wenye ndevu za rangi ya machungwa wanatumia hina halisi, na hina halisi haitoi weusi. Ukiona "hina nyeusi" jua kuna kitu kimeongezwa.

Matunzo baada ya kupona

Uvimbe ulikauka kabla ya mvua za Machi kushika. Shavu lilijaa kwa kiasi ambacho hata yeye hakukitarajia, na sasa tunazungumza matunzo ya kawaida.

Ndevu zake zinaoshwa mara mbili au tatu kwa wiki kwa shampuu laini. Sabuni ya kipande aliyokuwa akitumia ina alkali nyingi na ilikuwa inaacha ndevu zikikwaruza. Mafuta ni matone machache, yanapakwa ndevu zikiwa bado na unyevu, vidole vikifika hadi kwenye ngozi. Anatumia ya makadamia, yanayotoka kwa wakulima wetu wa Murang'a na Embu, mepesi na hayana harufu kali. Mafuta ya nazi nilimshauri asiyatumie kwa sababu ngozi yake inaziba haraka. Kwa mwingine yanaweza kufaa. Ndevu zikikauka wakati wa baridi ya Julai, matone hayo huongezeka kidogo. Mwenye mba kwenye ndevu asijaribu kuimaliza kwa mafuta, kwani fangasi wa mba hula mafuta. Shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya fangasi, ndiyo inayosaidia.

Wengine wamemshauri aweke minoxidil, dawa ya kuotesha nywele, ili mapengo yazibe. Utafiti uliofanywa Thailand na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kimiminiko chake cha asilimia 3 kinaongeza ndevu, kwa hiyo si uzushi. Lakini ni dawa, inaweza kukausha ngozi na kufanya moyo uende mbio, na ni sumu kwa paka. Kwa mtu ambaye shavu lake limejaa lenyewe, sikuona haja.

Kukata ni kila baada ya wiki mbili, si kila wiki tena. Nazichana kwanza zisimame kwa kitana cha meno mapana, zikiwa kavu, kwa maana ndevu mbichi hunyooka zikaonekana ndefu, ukizikata hivyo zikikauka zinakuwa fupi kuliko ulivyokusudia. Namba moja kwenye sharafa, namba mbili shavuni, namba tatu kidevuni, na mipaka kati ya namba inafifishwa isionekane. Laini inachorwa kwa mashine ndogo pekee. Kabla ya kuichora natazama picha niliyompiga siku tuliyokubaliana mpaka uko wapi, na ninaanzia nje ya mpaka huo. Picha hiyo iko kwenye simu yake pia, ili hata akinyolewa Kisumu au Mombasa amwonyeshe anayemnyoa.

Kuhusu vifaa, kwa sababu watu wengi waliosikia kisa hiki walikimbilia kumlaumu kinyozi. Safari hii chanzo kilikuwa ndama, lakini mashine iliyopita pale kabla ya kwangu iliondoka na fangasi, na sijui iliwapelekea wangapi. Lile sanduku la mwanga wa buluu tunaloweka mezani haliui kitu kilichofunikwa na nywele na mafuta. Lazima meno yafunguliwe, yapigwe brashi, yapanguswe, kisha yapate spiriti ya asilimia 70 na yakauke yenyewe. Asilimia 70 inafanya kazi kuliko spiriti tupu, kwa kuwa maji yaliyomo yanaisaidia kupenya. Jik iliyozimuliwa inafaa vitana vya plastiki, ila kwenye meno ya chuma inaleta kutu. Wembe ni wa mtu mmoja, mara moja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa angalau siku 7, kwenye tone la damu ambalo jicho halilioni. Vitambaa na taulo alizotumia zilifuliwa kwa maji ya moto sana, peke yake.

Pale palipokuwa na uvimbe pamebaki pengo dogo, kiasi cha punje ya mahindi. Daktari amemwambia vitundu kadhaa vya hapo vimekufa na havitaota tena. Amelikubali. Nimemwachia ndevu za juu yake ziwe ndefu kidogo, namba mbili na nusu, zikachanwa kushuka, na pengo linafunikwa. Chini ya kidevu kuna makovu mawili magumu yaliyotokana na vipele vya zamani, na anachomwa sindano ya steroidi ndani yake kliniki ili yalale. Moja limeshalainika. Shati lake sasa ni la kola inayopitisha vidole viwili, na kwenye bodaboda anafunga kitambaa cha pamba chini ya mkanda wa helmeti, anachokifua kila jioni.